Inkisari ya Sauti

Faili lilikuwa na MB 3 nilipompa kijana mmoja fundi, na aliponirudishia lilikuwa na MB 30. "Mama, nimekugeuzia ikawa FLAC," aliniambia, "hapo ndipo ubora unapoishia, hakuna zaidi." Sikuwa na sababu ya kumshuku. Alinipokea kwa shikamoo, akanivutia kiti, spika zake zilikuwa nzuri na bei yake haikuumiza. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikavaa hedifoni na kusikiliza harusi ya dada yangu. Ilikuwa ileile. Vigelegele bado vilisikika kama mafuta yanayochemka karaini. Dumbaki bado ilipiga kama iliyofunikwa blanketi. Na rika, lile tari dogo lenye visahani vya shaba pembeni, ambalo nalikumbuka usiku ule liking'aa juu ya ala zote, halikuwamo. Zile MB 27 zilizoongezeka hazikuleta chochote. Debe lilikuwa limekua, mchele ni kibaba kilekile.

Harusi hiyo ilikuwa Tanga, mwaka 1989. Bi harusi ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na kwa hesabu za kwetu huyo ni dada. Mwimbaji wa usiku ule alikuwa shangazi yetu, ambaye hakuwahi kuingia studio wala kupanda jukwaa la kulipiwa, lakini mtaa mzima ulijua kwamba akishika wimbo hata watoto watanyamaza. Aliyerekodi aliweka redio kaseti juu ya kinu kilichopinduliwa, kati ya wapigaji na jamvi la wanawake, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuondoka. Dakika saba za shangazi zilinaswa namna hiyo. Nilikuwa na miaka 12 na nilikaa karibu na kinu.

Baada ya ile FLAC nilianza kuuliza wimbo umepitia mikono ya nani. Mwaka 2007 mmoja wetu aliipeleka kaseti kwenye kibanda kimoja cha mjini kilichoandikwa nje "Tunaingiza nyimbo". Pale wakaibana kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, ili nyimbo nyingi zienee kwenye CD moja. Baadaye mpwa wangu akaigeuza kuwa AAC, kwa kuwa alisikia kwamba AAC ni ya kisasa zaidi. Mwingine akairudisha kuwa MP3 ili isomeke kwenye redio ya gari. Mimi nikaja kuwa wa mwisho, na FLAC yangu. Kila mmoja wetu alidhani anauhamisha wimbo kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kama maji kutoka mtungini kwenda kwenye jagi. Hatukujua kwamba mara tatu kati ya hizo wimbo ulikatwa.

Watunzi wa mashairi wana maneno mawili yanayofaa hapa kuliko yote niliyoyasikia kwa mafundi wa kompyuta. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Neno likizidi mizani, mtunzi hulifupisha, aliyesema akawa alosema. Hiyo ni inkisari. Likipungua hulirefusha, afya ikawa afiya, na hayo ni mazida. MP3 ni inkisari. FLAC iliyotengenezwa kutokana na MP3 ni mazida. Mazida hujaza mizani, lakini afiya haina uzima zaidi ya afya.

Na inkisari si kosa. Hili nalisema kwa dhati, kwa sababu nimekutana na watu wanaolitaja neno MP3 kama wanataja ugonjwa. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri za siku zile zilichukua kama dakika tatu kila upande, basi. Wimbo wa taarabu ambao ukumbini ungetulia, ungerudiwa na kusubiri watu watunze, ulibidi uingie ndani ya dakika hizo. Huo nao ni ubanaji, uliofanywa kwa pumzi ya mwimbaji mwenyewe kabla ya mashine kugusa kitu, na bila ya huo tusingekuwa na Siti hata kidogo. Tatizo la inkisari huanza pale mtu wa pili anapolichukua alosema bila kujua kwamba limekwisha kufupishwa, naye akalipunguza likawa losema, na wa tatu akaja na mkasi wake.

Ilinichukua muda kuelewa mkasi wenyewe unavyofanya kazi. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kina biti 16, na njia ni mbili, kushoto na kulia. Jumla ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 inabaki na sehemu moja katika kumi na moja. Ile ya kibandani, ya 64, ilibaki na moja katika ishirini na mbili. Ukipunguza namna hiyo bila busara utapata mkwaruzo mtupu. Busara ya MP3 ni kwamba walioitengeneza walilisoma sikio la binadamu. Ukiwa barazani unaongea na mtu na lori likapita, midomo yake unaiona inacheza, maneno huyapati. Sauti kubwa huifunika ndogo, hasa zikiwa karibu kwa uzito au wembamba, na hata ikishanyamaza, kwa sehemu ndogo ya sekunde sikio bado halijarudi vizuri. Kwa hiyo programu inayobana huikata sauti katika vipande vya vipimo 1,152, kama elfu ya 26 ya sekunde... hapana, niiseme vizuri: kila kipande kina urefu wa sehemu 26 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Katika kila kipande hupanga sauti nzito hadi nyembamba na kujiuliza ipi imefunikwa na ipi. Iliyo wazi huandikwa kwa uangalifu. Iliyofunikwa huandikwa kwa mkato, au haiandikwi.

Kuandika kwa mkato huzaa kelele. Kelele hiyo haiondoki, ila programu huipanga ikae chini ya kivuli cha sauti kubwa, mahali ambapo sikio halifiki. Kazi nzuri sana, ikifanywa mara moja. Sasa lete programu ya pili. Imepewa faili na haijui kwamba ndani yake mna kelele zilizofichwa. Kwake zote ni muziki, kelele na fidla ni sawa. Vipande vyake havianzii pale vilipoanzia vya mwanzo, vimesogea kidogo, na kivuli inachokiona si kilekile. Inatengeneza kelele zake na kuziweka juu ya zile za kwanza. Kivuli kilichotosha mzigo mmoja hakitoshi miwili. Ikifika ya tatu, kelele zinatoka juani, na ndipo vigelegele vikawa mafuta ya kukaangia.

Kwa nini vigelegele na si sauti ya shangazi? Kwa sababu uimbaji una mpangilio, noti moja inashikwa kwa muda na inatabirika. Kigelegele ni ulimi unaokwenda mbio, sauti nyembamba inayokatika na kuungana mara nyingi kwa sekunde, na wanawake wakipiga kwa pamoja hakuna hata chembe ya ukimya ambamo kitu kinaweza kufichwa. Visahani vya rika ni hivyo hivyo. Na dumbaki ina msiba wake. Mkono unapoigusa ngozi ghafla baada ya utulivu, kelele za ule mkato husambaa katika kipande kizima, pamoja na sehemu iliyo kabla ya pigo. Ukisikiliza kwa makini faili lililobanwa vibaya unausikia mvumo mdogo, "shh", kabla ya kila pigo la dumbaki. Sauti inautangulia mkono. Nilipoonyeshwa jambo hili mara ya kwanza nilivua hedifoni nikaiweka mezani.

Mafundi waliotengeneza MP3 walilijua tatizo hilo, na walilijaribu kwa kastaneti, vile vibao vidogo vya mkononi vya Wahispania. Karlheinz Brandenburg wa Ujerumani, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, aliijaribu pia kwa wimbo wa Suzanne Vega unaoitwa "Tom's Diner", ulio katika albamu yake ya mwaka 1987. Humo mwanamke anaimba peke yake, bila ala yoyote. Sauti ilipobanwa ilitoka imeharibika, na Brandenburg akarudi kuusikiliza wimbo huo tena na tena huku akirekebisha hesabu zake. Huwa nalifikiria sana jambo hili. Sauti ya mtu mmoja, iliyo tupu, ndiyo iliyowafunza wahandisi mahali mkasi usipopaswa kupita. Natamani chumbani mle wangekuwa pia na kanda moja ya uani kwetu, yenye jamvi zima la wanawake wakishangilia. Sisemi walitupuuza. Nasema sikio walilolichora ni la mtu aliyekaa kimya, anasikiliza muziki na hana ndugu yeyote kwenye rekodi.

FLAC, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2001, ni kitu kingine kabisa, na yule kijana wa mwanzo alikosea kwa kuitumia mahali pasipo pake. FLAC ni kukunja mkeka. Mkeka wa ukindu ukiukunja unapungua nafasi, unaubeba kwapani, ukifika unaukunjua na hakuna uzi hata mmoja uliopungua. Muziki wa CD ukikunjwa hivyo mara nyingi hubaki kama nusu ya ukubwa wake, na ukikunjuliwa kila tarakimu inarudi mahali pake. Faili lenyewe hubeba alama ya kuhakiki hilo. MP3 haikunji kitu, inachomoa ukindu ambao inaamini hutaukalia. Ukichukua mkeka uliochomolewa ukaukunja kwa uangalifu wote wa dunia, unakunja matundu.

Aliyenifungua macho alikuwa fundi wa pili, mtu mzima, ambaye hakunitoza kitu kwa siku ile. Aliifungua FLAC yangu kwenye programu inayochora sauti, muda ukienda kulia na wembamba ukipanda juu. Chini kulikuwa na rangi, machungwa na zambarau, shangazi na fidla. Halafu, palepale ambapo rika lingepaswa kuanza, rangi zilikatika kwa mstari ulionyooka kama wa rula, na juu yake palikuwa peusi hadi mwisho wa karatasi. "Sauti ya duniani haikatiki hivi," alisema. "Sauti ya duniani inafifia. Ukiona rula, jua kuna mtu alipita." Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kuulizwa tangu siku ya kwanza. "Kaseti mnayo?"

Kabla ya kufika kwenye kaseti, niseme alichonifundisha, maana wengi wana nyimbo ambazo kaseti zake zimekwisha kuliwa na unyevu. Kama kilichobaki ni MP3, basi hiyo MP3 ndiyo asili yako sasa, iache ilivyo. Kuipandisha kutoka kilobiti 128 hadi 320 hakuiongezei kitu, ni kuibana mara ya pili kwenye chombo kikubwa. Ukitaka kukata mwanzo wenye porojo, zipo programu zinazoikata MP3 kwenye mipaka ya vipande vyake bila kuibana upya, na zipo zinazopandisha au kushusha sauti kwa kubadili tarakimu chache tu katika kila kipande. Ukitaka kuitoa sauti ndani ya video, mara nyingi unaweza kuihamisha kama ilivyo kwenda kwenye faili la sauti tupu, umebadilisha gunia na mchele hukuupika. Na kama huna budi kuibana tena, kwa sababu chombo cha mwenzio hakisomi muundo ulio nao, mpe biti nyingi kadiri iwezekanavyo, na nakala hiyo isije ikawa mzazi wa nakala nyingine. Kila nakala itoke kwa mama, isitoke kwa dada yake.

Kaseti ilikuwa kwa mjomba, ndani ya bati la biskuti, pamoja na stakabadhi za kodi ya kichwa na funguo za nyumba iliyokwisha bomolewa. Kile kijisponji kinachoisukuma kanda dhidi ya hedi inayoisoma kilikuwa kimebanduka. Nilitaka kuizungusha kwa kalamu, kama tulivyofanya utotoni, fundi akanishika mkono. Alilifungua kasha skrubu tano, akazihamisha roda mbili za kanda kwenye kasha zima la kaseti nyingine, polepole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Upana wa kanda ile ni chini ya milimita 4, na inapita mbele ya hedi kwa mwendo wa chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde. Dakika saba za shangazi ni mita 20 za kanda. Zingezunguka ua ule wa harusi.

Kisha akafanya kitu ambacho naamini kibandani hakikufanywa. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayoilaza au kuisimamisha. Redio iliyorekodi mwaka 1989 ilikuwa na mlalo wake, na deki ya fundi ilikuwa na mlalo mwingine. Hedi isipolala sawasawa na ilivyokuwa siku ya kurekodi, sauti nyembamba hupotea kabla hata kompyuta haijawashwa. Kwa hiyo sehemu ya lawama niliyoipa MP3 haikuwa yake. Fundi aliiacha kanda icheze, akashika bisibisi na kuizungusha skrubu kidogo sana, kushoto, kulia, kushoto. Na mahali fulani katika mzunguko huo, kama dirisha linalofunguliwa chumba cha jirani, rika likaingia.

Alirekodi kwa biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, bila kubana. Upande mmoja wa dakika 30 ulichukua karibu GB 1. Nilimwuliza kama si israfu kwa kanda ya redio ya uani, ambayo nusu yake ni mchakacho. Alisema kanda haitacheza mara nyingi tena, na hatujui masikio ya kesho yatatafuta nini humo. Nililitia moyoni neno hilo. MP3 huamua kwa niaba ya sikio linalosikiliza wimbo. Mimi sikuwa nasikiliza wimbo, wimbo naujua kwa moyo. Nilikuwa nautafuta ua. Nilitaka sufuria iliyoanguka jikoni, mbwa wa jirani, mtu anayesema "sogea huko", vyote vilivyokaa chini ya kivuli cha shangazi, na ambavyo hesabu yoyote ya sikio ingevitupa kwanza, tena kwa haki.

Faili kubwa nimeliweka sehemu tatu, kwenye nyumba mbili. Kutoka kwake nilitengeneza FLAC ya kuwagawia ndugu, na kutoka kwake hilohilo, si kutoka kwenye FLAC ingawa ingekuwa sawa, nikatengeneza nakala ndogo ya Opus, muundo mwingine wa kubana, kwa wenye simu za bando la kuhesabu. Dada yetu, bi harusi mwenyewe, anaishi Muscat miaka mingi sasa. Nilimtumia zote mbili, ile ndogo asikilize papo hapo, na FLAC kama dokumenti. Alijibu usiku uleule kwamba ameisikia ndogo na amelia, na kubwa ataipakua kesho kazini.

Siku ya pili mchana akapiga simu. Hakuanza na shangazi. Aliniuliza kama nimesikia vigelegele vya baada ya ubeti wa tatu, nikamwambia nimevisikia, sasa vimetengana, vipo vitatu. Akasema, "Mdogo wangu, mimi usiku ule nilikuwa ndani nimefunikwa kanga, sikumwona mtu. Harusi yangu niliisikia tu. Cha kwanza ni cha mama. Cha pili ni cha yule jirani wa nyumba ya bati. Na cha tatu, kile kinachochelewa kumaliza halafu kinakatika njiani, ni chako wewe. Ulikuwa unajifunza."

Nilipokata simu nilirudi kwenye kompyuta, nikarudisha nyuma sekunde nne, nikasikiliza.